Kifungo cha kiatu kinapokula mtaji

BARIADI: Msimu wa kununua pamba mkoani Simiyu kwa kawaida hufunguliwa Mei, na mkulima akishalipwa hukumbuka viatu vya familia. Wenye maduka hujaza shehena mapema. Wengi hukagua soli na kusahau kifungo, ingawa kiatu chenye soli nzima hakivaliki kifungo kikishang'oka.

Kifungo cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu huvutia macho. Rangi ikichubuka, tope na jasho hukitia kutu. Cha shaba ya njano hakishiki kutu. Kipimo ni sumaku: ikinasa, ndani ni chuma.

Hata kifungo imara hung'oka ngozi ikichanika. Fundi aweke washa au kipande cha ngozi upande wa nyuma ili mvuto wa mguu usambae. Tundu nalo liwe la duara, kwani mpasuko huanzia kwenye kona ya mkato.

Je, gharama inalipa? Tuseme kifungo bora kinazidi cha kawaida kwa Sh 150. Jozi 100, kifungo kimoja kila mguu, zitaongeza Sh 30,000. Kama jozi iligharimu Sh 12,000, jozi tatu tu zikirudishwa na zisiuzike tena, hasara ni Sh 36,000, mbali na wateja waliohamia duka la jirani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mzigo, chukua sumaku, kisha vuta kwa nguvu vifungo vya jozi chache. Kikikubali kung'oka mkononi mwako, mguuni hakitakaa.