Kuvika upya mambo ya ndani ya gari kwa vinili nyumbani

JUA la Nairobi halina huruma kwa gari linaloshinda nje kutwa. Jiji hili limekaribia ikweta na liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale yake hupenya vioo kwa ukali hata siku ambazo dereva amevaa sweta.

Matokeo yake huonekana milangoni kwanza. Vinili ya sehemu ya kuegemeza mkono hukauka, hupasuka, kisha huanza kubanduka pembeni, nayo sponji ya ndani hugeuka unga wa manjano unaochafua mikono ya mashati.

Sababu yake si fumbo. Plastiki iitwayo PVC kwa asili ni ngumu na huvunjika upesi. Mnamo 1926 mwanakemia Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, aligundua kwamba ikichanganywa na viowevu maalum hulainika na kupindika bila kuvunjika. Viowevu hivyo ndivyo hutoroka polepole gari linapochomwa na jua, na vinili hurudia ugumu wake wa awali.

Kabla ya hapo viti vya mabasi na mabehewa ya treni vilivikwa Rexine, kitambaa kilichopakwa selulosi na kutengenezwa Hyde, karibu na Manchester, Uingereza. Jina hilo limedumu madukani kuliko bidhaa yenyewe, na hadi leo wapo wanaoita vinili yoyote kwa jina hilo.

Jijini, anayetaka vifaa vya kazi hii huelekea River Road na Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee wa gereji bado huiita Grogan. Kwa wakazi wa magharibi mwa jiji, mafundi wa jua kali wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti Corner wako karibu zaidi. Wengi wa mafundi hao ujuzi wao umenolewa na matatu, ambazo viti vyake huchakaa haraka kuliko vya gari lolote la nyumbani.

Kanuni zilizotangazwa 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilifanya kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Tangu hapo fundi wa viti hakushughulikia urembo peke yake. Sharti pia ahakikishe mkanda haujazikwa chini ya kitambaa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mwenye gari anayefanya kazi hii nyumbani hana budi kulizingatia kabla ya kushika mkasi. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana mifuko ya hewa ya usalama, na katika baadhi yake mfuko umefichwa ubavuni mwa kiti cha mbele. Kwa kawaida utaona kibandiko au herufi SRS zimeshonwa hapo.

Gari likigongwa ubavuni, mfuko huo hupasua mshono wa kiti na kujaa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mshono huo umeshonwa kwa uzi dhaifu makusudi. Ukivika kiti hicho vinili nene na kuishona kwa uzi imara wa nailoni, umeufungia mfuko ndani. Unaweza kuchelewa kutoka, au ukatokea upande usiofaa, na anayeumia ni yule aliyeketi hapo.

Kwa sababu hiyo, viti vya aina hiyo, dashibodi, na nguzo za pembeni mwa vioo zilizo na alama hizo si kazi ya uani. Zinazobaki ni nyingi na zinatosha kumfurahisha mtu: mbao za ndani za milango, sehemu za kuegemeza mkono, na kifuniko cha gia. Hata milangoni, baadhi ya magari yana mifuko ya hewa, kwa hivyo kagua alama kwanza. Ukikuta plagi ya rangi ya manjano, iache kama ilivyo.

Katika kununua, tahadhari na neno "leather". Madukani neno hilo hutajwa kwa vinili ya PVC na pia kwa ngozi bandia ya poliyurethani, ambayo ni laini mkononi lakini baada ya muda hubambuka maganda kwa joto na unyevu. Geuza upande wa nyuma: chagua vinili yenye kitambaa cha kufumwa kinachovutika kidogo, kwani isiyovutika haitakubali kuzunguka kona. Upana wake kwa kawaida ni kama mita 1.4, na mita tatu huvika milango minne ya gari dogo pasipo kubana.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchomoa kichwa cha betri chenye alama ya kutoa, kisha kungoja dakika kadhaa. Skrubu za mlango hupenda kujificha chini ya vifuniko vidogo nyuma ya kishikio. Zikishatoka, ubao hushikiliwa na vibanio vya plastiki pekee. Vichokonoe kimoja kimoja kwa kifaa bapa, wala usivute kwa hasira. Nunua vibanio vichache vya akiba, maana vya zamani huvunjika.

Nyuma ya ubao utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati. Wengi huitupa wakidhani ni takataka za kiwandani. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila siku ya mvua, na karatasi hiyo ndiyo huyazuia yasiingie kwenye zulia. Irudishe ilivyokuwa, la sivyo masika ya Machi hadi Mei yatakukumbusha kwa harufu ya uvundo.

Bandua vinili kuukuu taratibu ili uitumie kama ruwaza. Kata mpya ukiacha ziada ya sentimita nne kila upande. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa, futa vumbi. Sponji iliyooza usiihurumie.

Gundi ndiyo hukosesha wengi. Gundi nyepesi ya viatu hulegea gari likipata joto, na vinili hupanda mapovu. Omba ile inayostahimili joto. Ipakwe pande zote mbili, uingoje kama dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike ukianzia katikati kuelekea pembeni. Ikishashikana hairudi nyuma.

Mvuke wake hulewesha, huumiza kichwa na kushika moto upesi. Anayeishi ghorofani Kileleshwa ama Lavington asithubutu kuifungua jikoni penye gesi. Ashuke nayo penye hewa, mbali na anayevuta sigara. Kopo lisiachwe wazi pia: watoto wa mitaani wa jiji hili wameharibiwa sana na gundi ya aina hii.

Kwenye mikunjo, pasha vinili joto kwa kikausha nywele, almaarufu blodrai, mpaka ilegee, uivute kidogo na kuishika hadi ipoe. Ziada inayokunjwa nyuma ya kona ichanjwe, lakini mkasi usifike ukingoni. Acha milimita tatu. Matundu ya swichi yakatwe madogo kuliko yanavyohitajika, kwa umbo la msalaba.

Palipo na mshono, tumia uzi wa poliesta na sindano nambari 18, na hatua za mishono ziwe milimita tatu hadi nne. Mishono ya karibukaribu hutoboa vinili kama stempu, nayo ikachanika papo hapo.

Acha ubao ulale usiku mzima kabla ya kuurudisha mlangoni, na vioo vya gari vibaki wazi kidogo kwa siku mbili tatu ili mvuke utoke. Baadaye, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha kwa usafi. Petroli na thina huing'arisha vinili kwa siku moja tu, huku zikinyonya vile viowevu alivyoviongeza Semon.