Je, Mwalimu Aingie Darasani na Bastola?

Asubuhi mzazi humfunga mtoto wake vifungo vya shati, humpa mfuko wa vitabu, humsindikiza mpaka mlangoni. Kuanzia hapo mtoto ni wa mwalimu mpaka saa ya kurudi nyumbani. Hakuna hati inayoandikwa wala shahidi anayeitwa. Ni imani tu. Sisi sote twaijua imani hiyo, maana wazazi wetu nao walitukabidhi hivyo hivyo, wakamwambia mwalimu, "Huyu ni mwanao."

Lakini katika nchi ya Marekani leo wako wazazi ambao, wakisha kuuliza habari za hesabu na kusoma, wana swali jingine moyoni: Je, mwalimu wa mwanangu amechukua bastola chini ya koti lake? Na kama amechukua, nani amempa ruhusa, na amefundishwa kwa muda gani? Swali hilo linawahusu pia ndugu zetu wasemao Kiswahili, waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, ambao watoto wao wanasoma katika shule za Texas, Ohio na Tennessee. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tuone sheria zasema nini hasa.

CHANZO CHAKE

Jambo hili halikuzuka bure. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana mwenye bunduki aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Tarehe 14 Februari 2018, katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, jimbo la Florida, waliuawa watu 17. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, Texas, walikufa watoto 19 na walimu 2.

Kila baada ya msiba wa namna hii watu hugawanyika. Wengine husema, "Dawa ya moto ni moto. Kama mwalimu angalikuwa na bastola, muuaji asingalifika mbali." Wengine hujibu, "Nyumba ya nyasi haiongezewi kaa la moto." Watunga sheria wamesimama katikati, wakivutwa huku na huku.

SHERIA YA NCHI NZIMA

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia silaha karibu na shule. Ilikataza mtu kuwa na bunduki au bastola, kwa kujua, katika uwanja wa shule au ndani ya futi 1,000 kutoka uwanja huo, yaani kama mita 300.

Mwaka 1992 mwanafunzi mmoja wa San Antonio, Texas, alikamatwa shuleni na bastola, akashtakiwa kwa sheria hiyo. Kesi yake, ijulikanayo kama kesi ya Lopez, ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 1995 majaji watano kati ya tisa waliamua kwamba Bunge lilivuka mpaka wa madaraka yake. Madaraka lililoyatumia yalikuwa ya kusimamia biashara kati ya majimbo, na kuwa na bastola shuleni si biashara. Mwaka 1996 Bunge likaiandika sheria upya, likisema inahusu silaha iliyowahi kupita katika biashara ya jimbo moja na jingine. Kwa kuwa silaha karibu zote zimepita hivyo, sheria ikasimama tena. Anayeivunja aweza kufungwa hata miaka 5.

Lakini sheria hiyo ina mlango. Haimgusi mtu aliyepewa leseni ya silaha na jimbo lile lile ilipo shule, wala mtu aliyefanya mkataba na shule kwa kazi hiyo, wala polisi aliye kazini. Kwa hiyo ufunguo umo mikononi mwa majimbo, na swali moja hupata majibu mengi.

Mahakama ya Juu nayo imeligusa jambo hili. Mwaka 2008, na tena mwaka 2022, ilipotetea haki ya raia kuwa na silaha, ilizitaja shule kuwa mahali ambapo silaha zaweza kukatazwa. Basi ni vigumu kwa mwalimu kusimama na kudai kwamba Katiba inampa haki ya kufundisha akiwa na bastola kiunoni. Akiwa nayo kwa halali, ni kwa kuwa jimbo limeruhusu.

KIJIJI CHA HARROLD

Shule moja iliyojulikana mapema kwa jambo hili ni ya Harrold, kijiji kidogo cha Texas karibu na mpaka wa Oklahoma. Ilikuwa na wanafunzi kama 110 tu. Mwaka 2007 halmashauri ya shule iliamua kwamba wafanyakazi fulani waweze kuchukua bastola kwa siri, na mwaka uliofuata habari zikaenea nchi nzima. Mkuu wake, Bw. David Thweatt, alitoa sababu iliyo rahisi kueleweka: polisi wako mbali, na kabla hawajafika watoto watakuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 2013 Texas ilitunga sheria ya kuwa na mlinzi wa siri miongoni mwa wafanyakazi wa shule. Mtu huyo lazima awe na leseni, apimwe akili, na ahudhurie mafunzo ya saa 80. Lakini ile njia ya Harrold haikufungwa. Halmashauri bado yaweza kutoa ruhusa kwa maandishi na kupanga yenyewe mafunzo ya watu wake. Kwa hiyo hata ndani ya jimbo moja, watoto wa wilaya mbili jirani waweza kulindwa na watu waliofundishwa kwa vipimo viwili mbalimbali.

Florida ilifuata mwaka 2018, majuma machache baada ya msiba wake. Mpango wake wa walinzi umepewa jina la Aaron Feis, kocha aliyeuawa siku ile akiwakinga wanafunzi. Hapo mwanzo sheria iliwakataza walimu ambao kazi yao ni ya darasani tu. Iliwaruhusu makocha, wakuu wa shule na wafanyakazi wengine. Mwaka 2019 katazo hilo likaondolewa, mradi halmashauri ya shule ikubali. Anayejitolea hupimwa akili, huchunguzwa kama atumia madawa ya kulevya, na hufundishwa chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kwa saa 144.

WAZAZI WA MADISON

Lakini kesi inayofaa kukumbukwa kuliko zote ni ya Ohio. Mwezi Februari 2016, katika shule ya Madison, mvulana wa miaka 14 alifyatua risasi katika chumba cha kulia. Wanafunzi wanne walijeruhiwa. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Mwaka 2018 halmashauri ya shule ikaamua kwamba baadhi ya wafanyakazi wachukue bastola kwa siri.

Kundi la wazazi wakaenda mahakamani. Angalia vizuri hoja yao. Hawakuomba mahakama iseme kwamba bastola ni mbaya au nzuri. Walisema hivi: Sheria ya Ohio yasema shule isimwajiri askari wa pekee, wala mlinzi, wala mtu mwingine yeyote ambaye huwa na silaha akiwa kazini, ila awe amemaliza mafunzo ya msingi ya polisi au amefanya kazi ya polisi kwa miaka 20. Mafunzo hayo yalikuwa ya saa zaidi ya 700. Je, walimu wetu wameyapata?

Halmashauri ikajibu kwamba mwalimu si mlinzi; ni mwalimu tu, ila ana bastola. Mahakama ya kwanza iliipa halmashauri ushindi. Mahakama ya rufani ikawapa wazazi. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio, majaji wanne dhidi ya watatu, ikaamua kwamba wazazi wana haki. Jaji Mkuu Maureen O'Connor ndiye aliyeandika hukumu. Kwa maneno mepesi, maana yake ni hii: ukimwambia mtu awe na silaha akiwa kazini, silaha hiyo imekuwa sehemu ya kazi yake, hata kama mkono wake mwingine umeshika chaki.

Ushindi huo haukudumu hata mwaka mmoja. Tarehe 13 Juni 2022, majuma matatu baada ya mauaji ya Uvalde, Gavana Mike DeWine alitia sahihi sheria mpya. Tangu hapo, jimbo haliwezi kudai mafunzo ya mwanzo yanayozidi saa 24, na saa 8 za kukumbushwa kila mwaka. Halmashauri ikitaka zaidi, yaweza kuongeza. Vyama vya walimu vilipinga, na chama cha polisi wa Ohio nacho kilipinga. Kutoka saa 700 mpaka saa 24! Seremala gani atamwachia mwanafunzi wake msumeno wa umeme baada ya siku tatu?

Hata hivyo sheria hiyo ilibakiza jambo moja jema. Halmashauri ikiruhusu silaha, ni lazima iwajulishe wazazi kwamba shuleni mna watu wenye silaha.

SIRI YA TENNESSEE

Jimbo la Tennessee limefuata njia nyingine. Tarehe 27 Machi 2023 watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa katika shule ya Covenant, iliyo ya kanisa, mjini Nashville. Aprili 2024 Gavana Bill Lee alitia sahihi sheria ya kuwaruhusu walimu na wafanyakazi kuchukua bastola iliyofichwa. Baadhi ya wazazi wa shule hiyo hiyo ya Covenant walikuwa wamekwenda Bungeni kuipinga.

Masharti yake si machache. Mwalimu awe na leseni; akubaliwe kwa maandishi na mkuu wa shule, na mkurugenzi wa elimu, na mkuu wa polisi; achunguzwe makosa yake ya zamani na apimwe akili; na kila mwaka apate mafunzo ya saa 40. Haruhusiwi kuwa na bastola katika uwanja wa michezo au ukumbi wakati wa mikutano ya shule, wala katika zahanati, wala katika kikao cha kumhukumu mtu nidhamu. Hapo watunga sheria walitumia busara: pale penye msongamano au hasira, bastola ikae mbali.

Lakini mzazi haambiwi ni nani aliye na bastola. Wenye kuitetea siri hiyo husema kwamba mwovu akijua ni nani mwenye silaha, atamwanzia yeye. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini nayo hoja ya mzazi ina nguvu: nitamwulizaje mtu habari za kitu ambacho siruhusiwi kujua kwamba anacho?

BASTOLA HAICHAGUI

Tusisahau ajali. Katika jimbo la Utah, mwenye leseni aweza kuingia shuleni na bastola iliyofichwa bila kumwambia mkuu wa shule. Mwezi Septemba 2014 bastola ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi ililia chooni. Risasi ikavunja bakuli la choo, na vipande vikamjeruhi mguu mwenyewe. Shukrani kwamba ilikuwa chooni, si darasani.

Mwezi Machi 2018, katika mji wa Seaside, California, ilikuwa darasani hasa. Mwalimu mmoja, ambaye pia alikuwa askari wa akiba, alikuwa akiwafundisha wanafunzi usalama wa silaha. Bastola ikafyatuka, risasi ikapiga dari, na vipande vilivyoanguka vikamjeruhi mwanafunzi. Na California ni jimbo lililokwisha kufunga mlango: tangu Januari mwaka huo wakuu wa elimu hawakuwa tena na madaraka ya kumruhusu mtu kuchukua silaha shuleni.

Wala tusiwacheke walimu hao. Pale Uvalde, polisi wenye kazi hiyo, wenye bunduki na mafunzo, walingoja zaidi ya saa moja kabla ya kuingia chumbani alimokuwa muuaji. Kama askari hushikwa na woga na fujo ya saa ile, tutazamie nini kwa mwalimu aliyefundishwa siku tatu, na nyuma yake watoto 25 wanalia?

YAMPASAYO MZAZI

Yeyote atakayesoma sheria hizi ataona kwamba ugomvi mkubwa si juu ya bastola peke yake. Ni juu ya mambo matatu: nani ameruhusu, amefundishwa kiasi gani, na nani anaarifiwa. Mtu aweza kuamini kwamba shule ya kijijini yahitaji mlinzi, na bado akakataa mlinzi wa saa 24. Mwingine aweza kupinga bastola kabisa, na bado akataka, kama zipo, zifungwe kwa sheria ngumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye huko, au uliye na jamaa huko, usikae kimya. Karibu kila mahali hakuna mwalimu anayechukua silaha mpaka halmashauri au wakuu wa shule wakubali, na mikutano ya halmashauri ni ya watu wote. Nenda. Kama Kiingereza hakijakaa sawa ulimini, omba mkalimani, si aibu. Uliza: Shule yetu imeruhusu silaha? Wenye silaha wamefundishwa kwa saa ngapi, na kila mwaka hurudia saa ngapi? Silaha ikishatolewa mwilini huwekwa wapi, na nani ana ufunguo? Ajali ikitokea, nani atajibu?

Huenda hutajibiwa yote. Lakini wazazi wa Madison nao walianza kwa kuuliza, wakapanda ngazi tatu za mahakama. Sheria ilibadilishwa baadaye, ni kweli, lakini leo shule ya Ohio haiwezi tena kuwapa watu wake bastola huku wazazi hawana habari. Mzazi anayeuliza hamvunjii mwalimu heshima. Alimwambia, "Huyu ni mwanao," na anayeazima mtoto wa mwenzake hukubali kuulizwa.