Je, Wajua? Chaja Nzima Huweza Kukataa Betri

Unachomeka chaja ya kigari cha gofu, na haitoi hata mlio. Usiitupe bado. Chaja nyingi za kisasa huonja kwanza volti za betri. Zikikuta zimelala mno, hazifungulii umeme. Ndiyo maana fundi makini huko Diani, penye uwanja wa gofu wa mashimo 18 wa Leisure Lodge, atashika mita kabla ya bisibisi.

Kigari cha volti 48 mara nyingi hubeba betri sita za volti 8. Zipimwe moja moja. Iliyoachwa mbali kwa volti na wenzake ndiyo mkorofi. Zikiwa zimelala zote, kila moja huamshwa kwa chaja ndogo ya volti 8, hadi ile kubwa izitambue. Unga wa kijani kwenye vichwa vya betri nao huzuia umeme.

Betri za kujazwa maji hutaka maji ya betri tu. Maji ya kisima chenye chumvi, na Kinango visima hivyo havikosekani, huziharibu, hata ile ya sola nyumbani. Sigara ikae mbali: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka.