Mukula: Mti wa Katanga Chini ya Sheria za Dunia

Mukula, ndugu wa karibu wa mninga, ni mti wa miombo, misitu mikavu inayoenea kutoka nyanda za Kamina, mkoani Haut-Lomami katika eneo la Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hadi Zambia, Tanzania na Angola. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Mbao zake ngumu hutafutwa sana China kwa fanicha za kifahari. Katika miaka ya 2010 biashara hiyo ilishika kasi Katanga: magogo yalipakiwa kwenye malori, yakapitia Zambia kuelekea bandarini. Mkataji wa kijijini aliambulia kidogo. Faida ilikwenda kwa madalali na wasafirishaji.

Hakuna mkataba mmoja unaotawala misitu yote duniani. Kila nchi ina mamlaka juu ya miti yake, hivyo sheria za kimataifa huanza kuuma pale mbao zinapovuka mpaka. Kwa mukula, chombo chenye nguvu ni CITES, mkataba wa mwaka 1973 kuhusu biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019, wanachama wake walipokutana Geneva, waliuingiza mti huo katika Kiambatisho cha Pili. Biashara haikupigwa marufuku, bali iliwekewa masharti: shehena isitoke bila kibali, na kibali kisitolewe mpaka ithibitike kwamba mbao zimepatikana kihalali na kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa mti huo porini.

Kibali, hata hivyo, huweza kusema uongo. Gogo la Congo huweza kupewa karatasi za nchi jirani au jina la mti unaofanana na mukula, na afisa wa forodha asigundue. Ndiyo maana mwaka 2022, huko Panama, miti yote ya Afrika ya jenasi ya mukula, Pterocarpus, iliorodheshwa, mninga ukiwemo.

Misitu hiyo hutoa pia makaa, lakini makaa yanayotumika kupikia jikoni Kamina hayavuki mpaka wowote, kwa hiyo CITES haiyagusi. Hapo msitu hulindwa na sheria ya Congo yenyewe. Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia, na amri ya mwaka 2014 ikaruhusu jamii kukabidhiwa msitu wa hadi hekta 50,000. Jamii hiyo hutakiwa kuwa na mpango wa usimamizi: eneo lipi livunwe, lipi lipumzishwe, miti ipi ibaki kutoa mbegu. Kijiji chenye haki hiyo kina sababu ya kumzuia mkataji asiye na ruhusa, na hapo ndipo ukweli wa kibali unapoanzia, kabla gogo halijapanda lori.