Askari na Wapagazi wa Mpaka wa Ufipa

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika pembezoni mwa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo. Juni 1916 Waingereza waliteka Bismarckburg, ngome ya Wajerumani iliyoko Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi la Wajerumani chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck lilisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Sumbawanga. Wengi katika jeshi hilo walikuwa askari Waafrika na wapagazi. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, hasa kwa maradhi na njaa, wengi bila kaburi lenye jina. Uchungu huo haujafidiwa. Kwa kuwakumbuka askari na wapagazi hao, Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, ilisimamishwa 1927. Nchini Tanzania, Siku ya Mashujaa huadhimishwa 25 Julai.