Kazi Isiyo na Jina Haihesabiwi

Mwalimu akiulizwa hufanya kazi saa ngapi kwa juma, aghalabu hutaja vipindi vilivyomo katika ratiba. Je, insha anazozibeba jioni kwenda kuzisahihisha nyumbani, zihesabiwe wapi?

Hapa Kileleshwa ninakoishi, mimi hutumia programu ya bure iitwayo Timewarrior. Haina picha za kubofya. Huendeshwa kwa amri za kuandikwa. Niketipo kusahihisha, huandika timew start kusahihisha. Nikimaliza, timew stop. Mwisho wa juma, timew summary :week hunijumlishia saa zote. Nianzapo saa mbili za usiku, mashine huandika 20:00, kwani haijui kuwa Mswahili huanza hesabu yake machweo. Tofauti hiyo huzoeleka upesi.

Lililo zito ni lile neno la mwisho, kusahihisha. Programu haimchagulii mtu jina la kazi yake. Aandikaye "kazi" tu hupata jumla isiyomweleza lolote. Atengaye kutayarisha, kusahihisha na kushauri wanafunzi hung'amua mara moja ni lipi limlialo usiku. Mwanafunzi naye atenge kusoma na kunakili, huenda akashangaa.

Kumbukumbu hii, hata hivyo, sharti ibaki mikononi mwa mwenye jasho. Ikishikwa na msimamizi, yaweza kugeuka kiboko. Bali mwalimu anapodai apunguziwe mzigo, na aende na jumla yake mkononi. Atakayebisha, naye alete hesabu yake.