Ziwa Lisilotenganisha: Uhamaji katika Mwambao wa Kigoma

Wengi hudhani kwamba wahamao nchi zao huenda mabara ya mbali. Mwaka 1885 mtaalamu E. G. Ravenstein alionyesha kinyume chake: wahamaji walio wengi huishia karibu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ushahidi wa jambo hilo. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake haufiki kilomita 75. Tena Kiha na Kirundi husikilizana, na Kiswahili husemwa Ujiji na ng'ambo pia.

Ndiyo sababu machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta Tanzania maelfu ya wakimbizi, na vita vya Zaire vya mwaka 1996 viliwavusha wengine ziwani hadi Kigoma. Mwaka 2015 Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichofikika kwa chombo cha majini. Maji safi na vyoo havikutosha; kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikasaidia kuwahamishia Kigoma.

Ni dhahiri basi kwamba mzigo wa uhamaji humwangukia jirani kwanza. Kisima, choo na zahanati mwambaoni ni kinga ya mwenyeji na mgeni, vikiwapo kabla mgeni hajafika.